Brier Si Mnyaa

Kisesa,
Jumatano, 8 Oktoba 2025.

Kwako Dada Getruda,

Shikamoo, dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba uvimbe wa miguu umepungua tangu ulipoacha chumvi kama daktari alivyoagiza. Mimi sijambo. Wifi yako Modesta anakusalimu sana. Goti lake humsumbua asubuhi, lakini likishapata joto huenda sokoni na kurudi bila kuomba mkono wa mtu. Mvua imenyesha mara mbili tu hapa kwetu, na watu wanabishana kama ni ya kupandia au ya kudanganyia.

Utashangaa kupata karatasi wakati tulizungumza kwa simu Jumapili. Kwenye simu, kila ninapofika mahali pagumu mtandao hukatika, hata siku ambazo haukukatika wenyewe. Kwa hiyo nimemkabidhi Bernadeta, jirani yangu anayevuka ziwa kuja huko kwenu Busisi kumwona mwanawe, akupe mkononi. Uisome mwenyewe, polepole, kabla hujamsikiliza mwanao Pius.

Nianzie kwenye siku ya baraza, kwa sababu hukuwapo. Ulikuwa umelazwa, na yote uliyoyasikia uliyasikia kwa mwanao.

Unaikumbuka karatasi ya padri. Baba na Mzee Otuoma walipomaliza kujenga kanisa, padri yule Mzungu aliwagawia shamba la misheni, kila mmoja kipande chake kinachoshuka hadi ziwani, akaandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Ukurasa huo unasema mpaka unaanzia kwenye jiwe kubwa na kufuata “brier” hadi majini. Kwa zaidi ya miaka sitini hakuna aliyehitaji kujua maana ya neno hilo. Daraja lilipofunguliwa na magari yakaacha kungoja kivuko, Pius akataka kujenga nyumba ya wageni, na kila hatua ya ardhi ikawa na watu wawili wa kuidai.

Baraza la kata lilipokwenda shambani lilikuta vitu viwili. Karibu na kwako kulikuwa na visiki vya michongoma, kile kichaka cha miiba kilichotuchania nguo utotoni, ambacho Pius alikuwa amekifyeka na kukichoma mwezi mmoja kabla. Hatua arobaini kutoka hapo, upande wa Owiti, mtoto wa marehemu Mzee Otuoma, kuna ua wa minyaa, ile mimea ya utomvu mweupe. Owiti alieleza kwamba ua huo aliupanda baba yake ili mbuzi wasile vitunguu. Pius alisema ndio mpaka. Hizo hatua arobaini ndizo njia pekee ya Owiti ya kufika majini, na ndipo alipofunga pampu ya kumwagilia bustani, kwa kuwa sehemu yake iliyobaki imezibwa na mawe mpaka ndani ya ziwa.

Wakakubaliana niitwe mimi nieleze neno. Watu walinong’ona kwamba mimi ni ndugu yako. Mwenyekiti akasema hajawahi kusikia Mwalimu Ndalahwa akimpa mtu alama asiyostahili, hata mtoto wake mwenyewe. Kisha akanigeukia: “Mwalimu, tuambie kwa Kiswahili cha kulia ugali. Brier ni nini?”

Katibu alikuwa ameandika “blaya”. Nilimsimamisha mbele ya watu wote, nikamwambia hiyo ni r wala si l, nikamtajia herufi moja moja na kungoja mpaka alipofuta na kuandika upya. Nikaeleza kwamba neno hilo huandikwa kwa namna mbili, kwa e au kwa a, na zote mbili ni sahihi. Nikaeleza kwamba linaweza kusimama katika umoja na bado likataja mimea mingi iliyosongamana. Yote hayo ni kweli. Nilipoyamaliza, nikasema kwamba maana yake ni ua wa mimea, kama ule wa minyaa.

Pius alicheka na kusema, “Umesikia, Owiti? Kiingereza kimeshasema.”

Owiti hakubisha. Aliwaambia wajumbe kwamba nilimfundisha kidato cha kwanza na cha pili, na kama Mwalimu amesema, yeye hana neno. Akatia saini hati ya usuluhishi. Wiki ile ile aling’oa pampu.

Sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa nje nikipogoa mlimao, bodaboda ikasimama, akashuka Owiti na furushi la vitunguu. Alikataa kiti mpaka nilipokaa mimi kwanza. Aliniuliza habari za Modesta, akauliza habari zako pia. Nilimwuliza bustani ikoje, akasema iliyo juu imekauka, iliyo chini inapata maji ya ndoo ambayo mkewe Akinyi na binti zao hubeba wakipanda mawe. Alisema hivyo kama mtu anayejibu swali, si kama anayelalamika.

Kisha akatoa daftari lililofunikwa kwa gazeti. Mama yake alikuwa ameyahifadhi madaftari yake yote katika sanduku la bati, na baada ya kumzika mwaka huu ndipo walipolifungua. Akanionyesha ukurasa wa mazoezi ya msamiati wa mwaka 1986. Kwa mwandiko wake wa kitoto aliandika: brier, kichaka chenye miiba. Pembeni kulikuwa na vema kwa wino mwekundu, na chini yake neno “Vizuri” kwa mwandiko wangu.

Akaniuliza kwa upole sana, “Mwalimu, hapa nilikosea mimi kuandika, au ulikosea wewe kuweka vema?”

Nilimwambia ni vyema nitazame kwenye kamusi kubwa, nikamwita Modesta alete chai, nikazungumza habari za mvua mpaka alipoaga. Alinishukuru kwa muda wangu.

Nimelifikiria neno hilo siku zote hizi. Brier ni mmea wa porini wenye shina linalojiviringisha na miiba iliyopinda. Kwao Wazungu mara nyingi ni waridi la porini. Kuna brier nyingine, ambayo mizizi yake huchongwa viko vya kuvutia tumbaku, lakini padri hakuwa akipima shamba kwa viko. Waridi hilo halioti kwetu. Padri alisimama kwenye jiwe, akaona mmea asioujua jina, uliomnasa kanzu, akauita kwa jina la ule unaonasa nguo kwao. Kwa hiyo mtu angeweza kubishana kwamba hatujui ni mmea gani hasa alioutaja. Hapo ndipo nilipojificha. Shaka ilikuwepo kuhusu mmea. Kuhusu miiba haikuwepo kabisa. Na mnyaa, kama kila mtoto wa Usukuma ajuavyo, una utomvu wa kupofusha macho lakini hauna mwiba hata mmoja.

Pius atakuambia nimezeeka na kuchanganya mambo. Kuzeeka nimezeeka, lakini si kwa hili. Asubuhi ya baraza, kabla sijaondoka nyumbani, nilifungua kamusi nikasoma maana yake, ingawa niliijua kwa miaka hamsini. Nilikwenda mbele ya watu nikiijua. Sikukosea, dada. Nilidanganya.

Nawe unastahili kujua sababu. Ulipokuwa darasa la nne ulikuwa wa kwanza, na mimi nilikuwa wa kumi na saba katika la pili. Baba alipofariki ukasema mbuzi hawana mchungaji, na mdogo wako aendelee. Hujawahi kunikumbusha hilo hata siku tuliyogombana. Kila cheti nilichopokea nilikipokea nikijua kilikuwa cha nani. Nilipoona vigingi vya nyumba ya Pius pale shambani nilifikiri kwamba, mwishowe, nina kitu cha kukupa. Nikakupa cha Owiti.

Juzi Jumatatu nimeandika barua kwa baraza, kurasa mbili, nikaeleza haya yote na kuomba hati ile ifutwe. Nakala nimempelekea Owiti. Nimempigia Pius nikamwambia asimamishe uchimbaji wa msingi. Akanijibu, “Mjomba, neno moja tu, la Wazungu, na wenyewe wameshakufa.” Nikamwambia Owiti hajafa. Akakata simu, na safari hii haukuwa mtandao.

Wajumbe watakutana shambani Jumanne ijayo saa nne, nami nitakuwa pale. Najua katika hizo hatua arobaini ulikuwa umeshachagua mahali pa jiko lako na dirisha la kutazama ziwa, Modesta aliniambia. Najua pia kwamba watu watasema Mwalimu Ndalahwa, aliyewachapa watoto kwa kosa la herufi, aliuza maana ya neno zima. Waseme.

Jambo moja bado linanichoma. Wewe ni mkubwa wangu, nami nimeandika kwa baraza kabla ya kukuandikia wewe. Nilifanya hivyo makusudi. Ningekuuliza kwanza, ungeniambia nisubiri; na ningesubiri.

Nisalimie wajukuu, na huyo Pius pia, hata kama hataki salamu zangu. Dawa zako za presha nimempa Bernadeta azilete pamoja na barua hii. Siku ya Jumanne usiniwekee chai kabla ya baraza. Nikitoka shambani nitapita kwako, na kama bado utataka kunipa, nitakunywa.

Ni mimi mdogo wako,
Ndalahwa