Impakti Ninayoweza Kuishika kwa Mkono Mmoja

Jumanne. Jua, upepo wa vumbi, mikorosho imejaa maua. Sina huzuni, sina furaha. Nimeamka hivyohivyo na nimeshinda hivyohivyo.

Leo nimetoka Nachingwea kwenda Ruangwa kununua impakti. Kwa wasio mafundi: ni mashine ya betri ya kufungia skrubu. Inazungusha huku inagonga, kwa hiyo skrubu inazama kwenye mti mgumu bila kukutegua mkono. Ile ya zamani aliondoka nayo mume wangu, Hamisi, wiki tisa zilizopita, alipooa mke wa pili huko Ruangwa. Alisema ana kazi ya siku mbili tu. Mashine haijarudi.

Kuoa ni haki yake, sikubisha. Lakini karakana ni yangu. Niliianzisha kwa msumeno mmoja wa mkono kabla hata sijamjua. Yeye alikuja kama kibarua wa kupiga msasa. Sasa mji mzima unasema "kwa fundi Hamisi". Nilikuwa nawasahihisha. Nimeacha, inachosha.

Kilichonipeleka dukani ni hiki: nina makabati sita ya jikoni ya kufunga ukutani kwa nesi mmoja hapa Nachingwea, na nimemwahidi Jumamosi. Makabati ya juu ni kazi ya watu wawili. Hamisi huweka ngata kichwani, analibeba kabati kama ndoo ya maji, mimi nafunga. Aliahidi kuja kila Alhamisi kunishikia.

Alhamisi zimepita tisa. Amekuja mbili.

Dukani nilifika na ubao wangu mwenyewe wa mninga na skrubu za inchi tatu kwenye kopo. Mwenye duka, Bi Shani, aliniangalia ninavyozipanga kwenye kaunta yake.

"Dada, umekuja kununua au kusimamia mtihani?"

"Mtihani."

"Basi usizifelishe zote. Mimi nauza."

Alinitolea tatu. Nikazipima kwenye mizani yake ya misumari, kila moja ikiwa na betri yake. Nyeusi ilikuwa karibu kilo mbili. Ya njano kilo moja na nusu. Ya kijani, fupi, kilo moja na gramu mia moja.

Nyeusi ina nguvu, tusidanganyane. Skrubu kumi, wastani wa sekunde nne kila moja, na moja ikakatika shingo kwa sababu sikuwahi kuachia swichi. Mpini wake umevikwa mpira, unakaa vizuri kiganjani. Ya njano sekunde sita, ila mpini ni mnene. Kidole changu hakifiki kwenye swichi mpaka nilegeze mkono kwanza. Aliyeutengeneza alipimia mkono wa mwanaume. Nikairudisha.

Kijani sekunde tisa. Kati ya skrubu kumi, mbili ziligoma katikati, ikabidi nizirudishe nyuma kidogo ndipo ziingie. Fundi mmoja mwenye mashine kama hiyo aliwahi kuniambia betri moja inafunga skrubu themanini hivi. Kabati moja linakula kumi na mbili, makabati sita ni sabini na mbili. Inatosha, na inakuja na betri mbili, hata umeme ukikatika mchana kutwa.

Kwa hiyo, kama unasoma hapa kwa sababu unataka kununua: kazi yako ikiwa ni kenchi za paa na fremu za milango, na una mtu wa kukushikia, chukua nyeusi. Usifikirie mara mbili.

Nilikuwa nimeshaishika nyeusi nikitaka kulipa. Hamisi akaingia, amefuata bawaba.

"Mama Zuhura! Uko Ruangwa hata hunijulishi?"

"Nimekuja dukani."

Akaichukua ile mashine mkononi mwangu, akaipima uzito kwa kuirusharusha. "Hii ndiyo yenyewe. Hiyo ya kijani ya kufungia soketi. Chukua hii, Alhamisi nakuja, nakushikia, siku moja tunamaliza yote sita."

"Alhamisi ipi?"

"Wewe nawe na hesabu zako." Akacheka. Bi Shani hakucheka.

Hapa nitasema ukweli, kwa sababu hapa hanisomi. Tangu nyumbani nilikuwa nimeshachagua mashine nzito kama hii nyeusi. Nilijiambia ni kwa ajili ya nguvu. Si kweli. Ukiwa na mashine ya kilo mbili, peke yako hufungi kabati la juu. Lazima uwe na mtu wa pili. Na mimi nikiwa lazima niwe na mtu wa pili, yeye lazima aje.

Nilitoka Nachingwea kwenda kununua sababu ya mtu kurudi.

Sikusikia uchungu nilipolijua hilo. Nilisikia kama mtu aliyegundua ubao umekatwa mfupi. Basi, unatafuta mwingine.

Nikaomba stuli. Nikapanda, nikauegemeza ubao wangu kwenye nguzo ya mbao ya duka, juu ya kichwa, nikaubana kwa bega na mkono wa kushoto. Hamisi akanyoosha mikono. "Ngoja nikushikie."

"Acha."

Akaacha.

Nyeusi, kwa mkono mmoja, skrubu ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu kifundo cha mkono kikalegea, ikaingia mshazari. Kijani nikafunga sita. Zote zimenyooka. Sekunde kumi na moja kila moja. Sekunde ninazo.

"Shemeji," Bi Shani akamwambia, "naona umepoteza kazi."

Hamisi alilipia bawaba zake. Mlangoni akageuka. "Sasa Alhamisi nije, nisije?"

"Njoo, mwanao anakuulizia. Ila usije na nguo za kazi."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Ilikuwa imeisha.

Na ile mashine ya zamani sikumwomba. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nayo ni nzito.

Nilidhani ningelia kwenye gari. Sikulia. Niliangalia mashamba ya mikorosho mpaka Nachingwea, ile ya kijani kwenye mkoba mapajani.

Alasiri sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwa nesi. Nikakata mirunda miwili, nguzo za kuegemezea, kwa kipimo cha kutoka sakafuni hadi kabati linapoanzia, nikaisimamisha, nikaliegemeza kabati la kwanza juu yake, bega likamalizia. Mara mbili lilitaka kuniangukia. Nesi alitaka kumwita jirani, nikamwambia asubiri.

Limekaa. Nimeweka pima maji, kiputo kimetulia katikati.

Dakika arobaini na moja. Tulipokuwa wawili ilikuwa kumi na tano. Nimeziandika zote mbili ukutani kwa penseli, pale ambapo kabati la pili litafunika.

Kesho nafunga hilo la pili. Nakisia dakika thelathini na tano.