Wakwe Hawamtaki Baba Yangu, Mcheza Nyoka

Mpendwa mshauri Ma Felicitas, shikamoo. Ukurasa wako tunausoma kwa kupokezana hapa kiwandani saa ya chakula tukishavua mabuti, na siku zote nilikuwa nacheka shida za wenzangu bila kujua kwamba na mimi nitakaa chini nikuandikie mikono ikiwa kichwani. Nisaidie mama, kabla sijamtukana mtu ambaye nitapaswa kumwamkia maisha yangu yote.

Mimi ni Msukuma wa Magu, nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza na nimepanga chumba Mirongo. Jina langu liandike lote, sifichi. Baba yangu ni Luhaga, na ukifika Magu ukamuulizia Luhaga mcheza nyoka hata mtoto mdogo atakupeleka mpaka mlangoni, maana yeye ndiye kiongozi wa ngoma ya nyoka upande wetu wa Wagalu, ile ngoma ambayo mchezaji anaingia uwanjani na chatu mabegani, na mwezi wa sita pande mbili zikishindana, Wagalu huku na Wagika kule, watu wanawaacha Wagika na ngoma zao wanakimbilia kwa baba yangu mpaka uzio unaanguka. Siongezi chumvi. Kwa jembe la pamba na kwa ngoma hiyo ametusomesha mabinti watano, hakuna aliyekosa sare, na tangu azaliwe hajalala mahabusu hata kwa kosa la kodi ya kichwa.

Mwaka jana, msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kugombania mizani huko kwetu, mchumba wangu Gosbert alileta posa. Ni Mhaya wa Bukoba, fundi wa mitambo ya barafu hapa hapa kiwandani. Walikuja Magu na mshenga, shangazi yake Kokulinda akiwa mbele, wakala kuku, wakacheka na baba, shangazi akaomba aonyeshwe chatu, akaonyeshwa, akapiga yowe akakimbilia nyuma ya ghala na watu wote wakafurahi. Mahari ikapokelewa, ng'ombe wakaingia zizini kwa baba. Nikasema moyoni, Modesta, umefika.

Halafu mwezi wa tatu likatokea lile jambo ambalo nyote mmelisikia, la mtoto aliyeuawa kijiji cha jirani na kwetu, akaokotwa kwenye majaruba ya mpunga. Polisi wakamkamata mtu mmoja, na huyo mtu zamani aliwahi kucheza ngoma ya nyoka. Basi! Sokoni, kisimani, kwenye mashine ya kusaga, wimbo ukawa mmoja, kwamba wacheza nyoka wanatoa watoto kafara ili ngoma ijae watu. Baba alikwenda msibani na vijana wake wamebeba majembe ya kuchimbia kaburi, kama anavyofanya kwenye kila msiba tangu nimepata akili, vijana wa pale wakamzuia njiani wakamwambia, "Mzee Luhaga, rudi na majembe yako, leo hatutaki mikono ya nyoka." Baba aligeuza njia. Alirudi, akatua majembe, akaenda shambani kupalilia pamba yake. Mama alipomuuliza mbona hukuwajibu, akasema, "Watu wana maiti ya mtoto ndani, mimi nianze kujitetea?"

Ma Felicitas, mimi si kama baba. Mimi nilijibu. Hapa kiwandani kila aliyeniuliza nilimwambia wazi kwamba yule aliyekamatwa si wa kwetu, alikuwa anachezea upande wa Wagika, na Wagika ndio wenye dawa chafu tangu enzi za mababu, kila Msukuma analijua hilo, sisi Wagalu tunashinda kwa miguu na kwa sauti. Wengine walinielewa, wengine walicheka tu wakaanza kuniita mama chatu.

Sasa harusi ni mwezi wa tisa, baada ya pamba kuuzwa. Jumapili iliyopita shangazi Kokulinda aliniita kwake akanipa chai ya maziwa na maandazi, akaniambia kwa upole kabisa, "Modesta mwanangu, sisi hatujakukataa. Ila baba yako abaki tu huko Magu. Kaka yangu Jovinary ni mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, huko Bukoba watasema mwanawe kaoa kwa wale wanaoua watoto. Yule mjomba wako karani anatosha, ana suti nzuri, akushike mkono aingie nawe kanisani." Nikamwambia, "Shangazi, baba yangu hajakamatwa na mtu." Akasema, "Mimi najua, lakini watu hawajui." Gosbert alikuwapo. Alikuwa anaangalia kikombe. Tulipotoka nikamuuliza, wewe unasemaje, akasema, "Mpenzi, ni siku moja tu, tukishamaliza tutakwenda Magu tumsalimie mzee."

Na wanataka mimi ndiye nikamwambie! Samahani kama nakugusa, Ma Felicitas, lakini Wahaya wote ni majivuno tu, wanamwona Msukuma ni mtu wa kuchunga ng'ombe.

Gosbert nampenda, huo ni ukweli wa Mungu, ndiye mwanaume pekee aliyewahi kuliziba buti langu la kazini lililotoboka bila kuombwa. Na baba nampenda. Nikimwambia asije atasema sawa, hicho ndicho kinachoniua, atasema sawa mwanangu, halafu ataenda shambani. Nikikataa, harusi itavunjika, na wadogo zangu wataitwa watoto wa wauaji, nani atawaoa? Nimwambie baba abaki Magu, au nimwache Gosbert?

Modesta binti Luhaga,
Mirongo, Mwanza.

*

Ma Felicitas anajibu:

Marahaba, Modesta. Barua ninazoletewa hapa zimesainiwa "Mteswa wa Mapenzi" na "Mwenye Huzuni wa Kigongo". Yako imesainiwa na mtu mwenye baba. Nimefurahi, na majina yenu nimeyaacha kama ulivyoyaandika.

Lakini kwanza nikugombeze, maana nikianza kukubembeleza hutanisikia. Umenieleza baba yako anavyocheza, najua shangazi alikupa chai gani, najua hata buti lako lilitoboka. Mtoto aliyeuawa anaitwa nani? Hukuandika. Wa kike au wa kiume? Hukuandika. Mama yake je, bado anakula? Hapo baba yako amekuzidi, tena kwa mbali. Yeye amefukuzwa njiani kama mwizi, na bado alikumbuka kuna nini ndani ya ile nyumba. Watu wamekichukua kifo cha mtoto wakakigeuza habari za nyoka, na wewe umeingia humo humo kwa miguu yote miwili.

Halafu hao Wagika. Aa, Modesta! Unalia kwamba kosa la mtu mmoja limepakwa kwa wacheza nyoka wote, na kabla machozi hayajakauka unachota tope lile lile unawapaka Wagika wote. Hujafikiri kwamba huko nako yuko binti ambaye baba yake ni Mgika, amekaa jikoni anapuliza moto na kuwaza nani atamwoa? Tena huyo mtu amekamatwa tu, hajahukumiwa. Kukamata ni kazi ya polisi, kuhukumu ni kazi ya mahakama. Wakimkuta na hatia, hatia ni ya mikono yake. Ngoma haikuua mtu, wala Magu haikuua mtu. Kesho saa ya chakula, kwa watu wale wale uliowaambia, yarudishe hayo maneno. Watakucheka. Waache wacheke.

Tuje kwa Wahaya. Mimi ni Mhaya, mwanangu, na majivuno ninayo, nayavaa asubuhi kabla ya viatu. Kwa hiyo umesema kweli kidogo na uongo mwingi. Ila wewe huna ruhusa ya kutusema mpaka uolewe kwetu, kwa hiyo kaa pembeni niwaseme watu wangu mwenyewe.

Shangazi Kokulinda, najua unausoma ukurasa huu. Mimi nilikuja Mwanza msichana, mwalimu mpya, cheti kimekunjwa mkobani. Mwenye nyumba wa kwanza akaniuliza kabila gani wewe, nikamwambia. Akasema hapa hatupangishi wanawake wa namna hiyo, akafunga mlango. Namna ipi, hakusema, na hakuhitaji kusema, kila Mhaya mwanamke aliyetafuta chumba mjini miaka ile akadhaniwa malaya anaijua. Mama yangu mzazi alikuwa amesimama pale nje na mzigo wangu kichwani. Nimesahau mengi, lakini uso wa mama yangu siku ile sijausahau. Nawe, kama umri wako ni wangu, mlango huo umefungiwa. Leo kitasa umekishika wewe?

Na hayo maneno kwamba "watu hawajui" ni maneno gani? Kama hawajui, waambie wewe unayejua! Ulikwenda kwa Luhaga, ukala kuku wake, ukakimbia chatu wake, ukarudi mjini mzima na umeshiba. Mahari mlimpelekea nani, mjomba karani? Nyoka hata mimi nawaogopa, mpaka wa kwenye picha, na hakuna atakayekulaumu kwa kumwogopa nyoka. Lakini kumkaribia mzee wa watu alipokuwa na sifa, na kumkimbia aliposingiziwa, huko si kuogopa. Kwetu hatukulelewa hivyo, na wewe unajua.

Sasa sikiliza, Modesta, haya ndiyo ya kufanya.

Kumwambia baba yako asije harusini si kazi yako, usiikubali. Mwite Gosbert umwambie hivi: anayetaka mzee Luhaga asije, apande gari aende Magu yeye mwenyewe, amwamkie shikamoo, akae kwenye kigoda atakachopewa, amwambie ana kwa ana, mama yako akiwepo. Shangazi akitaka waende wote. Wewe baki Mwanza, ukate minofu ya sangara wako. Mimi nadhani kijana aliyeziba buti bila kuombwa si mbaya, shida yake ni kuangalia kikombe wakati wa kusema. Akifika mbele ya baba yako maneno yatamkwama kooni, atakunywa maji aliyopewa, atarudi Mwanza na akili mpya. Huyo olewa naye bila wasiwasi. Akifika akayasema yote bila kukwama, basi umeshajua, na umejua mapema. Ng'ombe warudi kwao. Utalia, sikatai, lakini utalia ukiwa kwenu, na baba yako yupo.

Na wadogo zako usiwatie hofu. Unadhani baba akifichwa wao watapona? Siku watu watakapouliza Luhaga yuko wapi wakasikia amebaki Magu, watasema, mnaona, hata binti yake wa kumzaa anamjua. Maneno hayo hakuna atakayeweza kuyafuta. Leo ni uvumi wa kisimani tu, wewe ukimficha utakuwa umewapa ushahidi.

Jumamosi hii nenda nyumbani. Chukua unga, chukua kanga, ufuatane na mama yako mpaka kwa yule mama aliyefiwa. Usiende kumtetea baba yako huko, hata kwa neno moja. Muulize mtoto wake alikuwa anaitwa nani, umsikilize, uoshe vyombo, uteke maji. Baba yako mwambie tu kwamba mnakwenda. Akitaka kufuatana nanyi, atachukua kofia yake atakuja. Waliomzuia ni vijana wa njiani, mama wa mtoto hajamwambia neno mpaka leo.

Harusini aje, na ngoma za Wagalu zije, ziwasindikize mpaka kwenye ngazi za kanisa, mpige kwa nguvu. Chatu abaki Magu, kanisani hata mbuzi haingii. Na kwa kuwa wamezungumzia suti, Jumatatu kabla hujarudi kazini mpeleke baba yako kwa fundi, apimwe yake. Mwambie fundi nimesema vipande vitatu, na kizibao ndani. Sisi Wahaya tunamtazama mtu kuanzia viatuni. Tutaanza hapo, tutapanda taratibu, na tukifika usoni tutamkuta Luhaga.