Hatua Ishirini na Nane

Jumanne, 11 Machi

Nusu gani ile? Leo tumegawana shamba la marehemu baba. Kila mdogo wangu wa kiume kapata mraba wa hatua arobaini kila upande. Mimi, binti, kwa mirathi ya Kiislamu, nusu ya mmoja wao. Mdogo wangu Hamisi akanipimia hatua ishirini kila upande, kilichobaki akajiongezea.

Nikawaambia wazee: eneo la kila mmoja wao ni hatua za mraba 1600, langu 400. Hiyo ni robo. Nusu ni 800, yaani kila upande hatua ishirini na nane na kidogo.

"Dada, arobaini nusu yake ngapi?" Hamisi akauliza.

Wazee wakacheka. Nikachoka, nikatia sahihi. Wanangu watakula nini?

Hamisi alipokuwa darasa la saba, maeneo ya mraba nilimfundisha mimi. Na alikuwa anapata zote.