Waya Mpya wa Klachi

Alhamisi, 25 Oktoba

Leo niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu. Teksi ya Baba ilikwama kwenye mteremko mbele ya shule, saa ya kutoka, darasa zima likitazama. Gia zilisaga mpaka Mwalimu Obdulia akaziba masikio. Tukaisukuma vocho yetu, kile kigari cha Volkswagen chenye mgongo wa kobe, hadi uani kwa mjomba Hermilo, kaka yake Mama, ambaye ni fundi. Akalala chini ya gari. Waya wa klachi umechanika — zimebaki nyuzi tatu tu!

"Shemeji, wewe unalining'iniza gari mlimani kwa klachi kama nguo kwenye kamba," akasema. "Handbreki umewekewa pambo?"

"Taxco nzima nani anavuta handbreki? Watalii!"

Ni kweli. Katika mji wetu huu wa milima, hapa Mexico, dereva akionekana akivuta handbreki mlimani, wenzake humpigia miluzi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Tumebadilisha waya! Nasema "tume-" kwa sababu mkono wangu ndio mwembamba. Mjomba aliupaka waya mpya grisi, akaupitisha chini ya sakafu ya gari. Mimi niliingiza kichwa chini ya usukani, nikashikilia kitanzi chake kwenye ndoano ya pedeli, naye huko nyuma akakaza nati. Nikilegeza vidole kidogo tu, kitanzi kinachomoka, kazi inaanza upya. Kilichomoka mara mbili. Mara ya pili Mjomba aliwataja watakatifu ambao sijawahi kuwasikia.

Amenifundisha kwamba pedeli lazima ishuke bure kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Bila hivyo klachi inaungua. Nilipima kwa rula yangu ya shule. Sentimita moja na nusu — sawasawa! Kisha nikaibonyeza yote kwa mkono mmoja. Laini.

Jumapili, 28 Oktoba

Baba amerudi kabla ya chakula. Gia bado zinasaga! Anasema Mjomba ameuacha waya umelegea. Mjomba anasema ukikazwa zaidi klachi itakwisha. Mjomba alipoondoka kwenda misa, Baba alilala chini akaukaza mwenyewe.

Nilipima tena. Sifuri. Nikarudisha rula mkobani.

Jumatano, 31 Oktoba

Harufu ya kuungua mpaka jikoni. Mjomba akaja, akalegeza nati, akapanda mlima mara tatu yeye mwenyewe, mimi nikiwa kwenye kiti cha nyuma. Gia ziliingia kama kisu kwenye parachichi. Nilidhani angefurahi. Badala yake alishuka, akamwambia Baba amwonyeshe mguu wa kushoto.

"Kwani nimekuwa bibi harusi?" Baba akacheka.

Mama akatokea na maua ya njano ya kuwawekea marehemu. Mjomba akaacha kuuliza, akaokota spana zake.

Baadaye Baba alivuka ua. Kandambili ya kushoto ilimtoka mguuni, ikabaki katikati. Akaendelea kutembea. Akafika mlangoni, akaingia, akaketi — hakujua.

Waya ulikuwa umechakaa kweli, niliuona kwa macho yangu. Lakini si waya peke yake.

Ijumaa, 2 Novemba

Leo ni Siku ya Marehemu. Tulipotoka makaburini Baba alinisubiri nje ya lango. Akasema bila kunitazama. Mguu hausikii. Tangu Juni. Kliniki walimwambia ni sukari. Mama anadhani anakwenda kila mwezi; hajarudi tena.

Nikamsihi aende. Jumanne, akasema. Jumatatu ni sikukuu ya jumili, mji mzima unapanda Mlima Huixteco kukamata vile vidudu na kuvila, na amemwahidi doña Tomasa, bibi mmoja mteja wake, kumpandisha na wajukuu wake.

"Uje nami, mwanangu. Utazame mguu wangu. Ukitoka kwenye pedeli, niambie tu."

"Si uvute handbreki, Baba?"

"Nikivuta Jumatatu, Jumanne wote wanajua nina mguu mbovu. Nani atapanda teksi yangu tena? Na Mama yako usimwambie."

Nimekubali. Jumanne si mbali. Ameahidi, na Baba akiahidi hutimiza.

Jumapili, 4 Novemba

Tumefanya mazoezi. Teksi za hapa hazina kiti cha mbele cha abiria, kwa hiyo nilikalia kreti pale pembeni yake, macho kwenye kiatu chake.

"Upo. Upo. Unateleza! Upo."

Mara kumi na tisa bila kosa. Tulining'inia mlimani chini ya kanisa la Guadalupe na gari halikusogea hata kidogo. Baba alisema mimi ni fundi kuliko Mjomba. Nilifurahi. Nikainua macho — mara moja tu, kumtazama mtoto aliyekuwa anavuka nyuma yetu. Gari likaruka, likazimika, likaanza kurudi. Baba alikanyaga breki. Mama wa yule mtoto alikuwa amekwisha kumvuta kwa mkono.

Baba anasema hakuna kilichotokea.

Tumefika nyumbani. Amevua viatu na soksi, anapiga mluzi. Naandika hapa mezani, Mama yuko uani anatenga nguo za kufua. Sasa ameinua soksi moja. Anauliza soksi hii imelowa damu ya nani. Baba anajibu kwamba pedeli imemkwaruza kidogo. "Kidogo? Na hukusikia?" Mluzi umekoma.

Mama ananiita mimi. Anaita jina langu lote, la kwanza mpaka la mwisho —