Simu Saba za Bwana Godoro

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, nakala imeambatanishwa. Kazini na mtaani huitwa Dada Daftari.
Umri: miaka 44.
Kazi: mpokezi na mtunza kumbukumbu, kliniki ya meno.
Makazi: nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya shule ya msingi, pamoja na mama mzazi.

Jumanne, tarehe 20 Oktoba. Asubuhi kuna mawingu mazito na upepo kidogo, mvua haijanyesha. Afisa amesema hali ya hewa si lazima. Nimeomba ibaki, kwa kuwa ndivyo ninavyoanza kuandika kila siku, na nikiruka kitu kimoja nitaruka na kingine. Nimeruhusiwa pia kuwa na daftari langu mkononi ili nisikosee saa.

Nimekuja kusahihisha maelezo niliyotoa katika kituo hiki jioni ya Jumamosi, tarehe 17. Siku hiyo niliulizwa kama kuna mtu yeyote aliyenipigia simu kuhusu mama yangu. Nilijibu hakuna. Jibu hilo halikuwa kweli, ingawa nilipolitoa niliamini ni kweli.

Mama yangu ana miaka 78 na amekuwa msahaulifu kwa miaka mitatu sasa. Mwaka jana alitoka nyumbani mara mbili akapotea, mara zote mbili akarudishwa na majirani. Baada ya hapo nilishona namba yangu ya simu ndani ya upindo wa kila gauni lake, kwa uzi mwekundu, na juu ya namba nikashona maneno: PIGA KWA BINTI. Magauni yapo tisa. Nimeyashona yote mwenyewe.

Mnamo tarehe 1 Oktoba, siku ya Alhamisi, nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu. Sababu ni simu za usumbufu. Katika wiki moja nilikuwa nimepigiwa mara 38 na watu nisiowajua: wa bima, wa viwanja, wa bahati nasibu ambayo sikucheza. Kliniki ina mgonjwa ameachama kinywa, mimi nasema, "Asante, sihitaji kiwanja." Daktari alikuwa ameshanionya.

Mhudumu wa duka, msichana mwenye miwani, alinieleza huduma yao ya kuchuja simu. Namba ambayo watu wengi wameilalamikia ikipiga, kioo huonyesha onyo: YAWEZEKANA NI USUMBUFU. Na namba ambayo mimi mwenyewe nimeiripoti haitaita kabisa. Simu yangu itakaa kimya, na ujumbe wake hautanifikia. Niliuliza kama nitajua kwamba mtu huyo alipiga. Alisema, "Hutajua, dada, labda uje kuuliza hapa. Huyu ni mlinzi asiye na huruma. Ukimwambia fulani asiingie, haingii, awe amekuletea harusi au msiba."

Nilicheka. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari kwa sababu yalinifurahisha.

Kuanzia siku hiyo niliripoti namba 31. Kila moja niliiandika, pamoja na tarehe na shughuli ya mpigaji. Namba ya 19, ya tarehe 8 Oktoba, ni ya mtu aliyekuwa akiuza magodoro. Kwa kuwa sikujua jina lake, niliandika "Bwana Godoro", na kwa ruhusa ya afisa nitamtaja hivyo. Ndiye aliyeko mahabusu.

Alikuwa amenipigia mara nne. Mara ya nne nilimwambia, "Kaka, godoro ninalo, na mgongo ni wangu." Akajibu, "Mgongo ni wako, dada, lakini uzee ni wa wote. Njoo ulale bure dakika tano tu." Hakunitukana. Nilimripoti saa 5:50 asubuhi, nikaendelea na kazi.

Sasa naeleza Jumamosi, tarehe 17. Asubuhi kulikuwa na jua kali mapema.

Kaka yangu mkubwa alipaswa kufika nyumbani saa 3:00 asubuhi kukaa na mama, kwa kuwa Jumamosi kliniki hufunguliwa nusu siku. Hadi saa 3:10 alikuwa hajafika. Nilimpigia, akasema, "Nimefika kona, wewe nenda." Nilikwenda. Geti nililifunga kwa komeo, sikutia kufuli, ili asisumbuke kuingia. Alifika saa 4:15. Kona hiyo sijui ni ya wapi.

Saa 4:17 alinipigia akauliza, "Mama uko naye?" Nikasema, "Nawezaje kuwa naye wakati nimekuachia wewe?" Akasema, "Basi hayupo."

Niliacha kazi. Tulitafuta shuleni, sokoni, kwenye nyumba tuliyoishi zamani na kwenye mtaro ulio nyuma ya karakana za magari. Simu niliishika mkononi muda wote, sikuiweka mfukoni hata mara moja. Kaka aliniambia, "Ukiitazama hivyo itaungua." Saa 11:02 jioni iliita. Kioo kilionyesha namba nisiyoijua na lile onyo, YAWEZEKANA NI USUMBUFU. Nilikuwa nasubiri kaka anipigie kutoka hospitalini, alikokwenda kuulizia, na sikutaka akute laini ina shughuli. Nilibonyeza kitufe chekundu. Nakumbuka nilisema kwa sauti, "Hata leo?"

Saa 12:15 jioni nilifika kituoni hapa kutoa taarifa. Nilipoulizwa kuhusu simu nilimwonyesha afisa wa zamu orodha ya simu zilizoingia. Hiyo moja ya saa 11:02 nilimwambia ni ya wauzaji. Akaandika "hakuna".

Jumapili, tarehe 18, asubuhi kulikuwa na ukungu. Saa 1:25 kaka alimkuta mama kwenye barabara ya maduka ya vifaa vya ujenzi, ameshikwa mkono na mwanamume. Sikuwepo. Kilichosemwa nilikisikia kwa simu, kwa kuwa kaka alinipigia akiwa hapo hapo, na simu ilikuwa wazi. Nilimsikia mwanamume akisema, "Kaka, nimepiga simu mpaka betri ikafa. Ndiyo namleta polisi." Kaka akaniuliza, "Kuna mtu yeyote aliyekupigia jana?"

Nilisema, "Hakuna."

Kaka akasema, si kwangu bali kwa waliokuwa wamekusanyika, "Mnasikia? Hakuna." Kisha nikasikia makelele, na sauti ya mama akisema, "Mwacheni kijana wangu." Simu ikakatika. Baadaye niliambiwa mwanamume yule alipigwa na watu sita au saba, wa kwanza akiwa kaka yangu, kisha wakamleta kituoni kwa tuhuma ya kumchukua mama na kumficha usiku kucha. Simu yake ilichukuliwa ikiwa imezima.

Mama alirudi nyumbani saa 3:30 asubuhi. Alikuwa amekatwa kucha. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari minne, iliyonyooka. Mimi mwenyewe mama haniruhusu kumgusa kichwa. Upindo wa gauni lake ulikuwa umegeuzwa nje na kubanwa kwa pini ya kubana nguo, mahali pale penye uzi mwekundu, ili namba isomeke bila kuinama. Pini hiyo haikuwa yetu. Niliitoa nikaiweka kwenye sahani ya vifungo.

Nilimwuliza mama alilala wapi. Akasema, "Kwa yule kijana. Ana godoro zuri, limeushika mgongo wangu kama mtu." Kaka akasema mama hajui asemalo. Kwenye daftari siku hiyo niliandika: mama amepatikana, kucha, nywele, pini. Sikuandika zaidi ya hapo.

Jumatatu, tarehe 19, asubuhi kulikuwa na jua na upepo. Saa 2:40 aliingia kliniki mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, amejifunga leso kichwani. Aliuliza kama daktari anaweza kwenda kumtazama mtu aliyevunjwa jino la mbele na hawezi kuja mwenyewe. Nikauliza, "Yuko wapi?" Akasema, "Mahabusu." Nilikuwa najaza fomu ya meno ya mgonjwa mwingine, ile yenye picha ya taya mbili, tunatia alama jino moja moja. Alitazama kalamu yangu kwa muda.

Akasema, "Wewe ndiye unayeandika meno?"

Nikasema, "Ndiyo kazi yangu."

Akasema, "Bibi alituambia hivyo kutwa nzima. Binti yangu anaandika meno, binti yangu anaandika meno. Tukadhani ni maneno ya uzee tu. Dada yangu, mume wangu alikupigia mara saba. Mimi nilikuwa nahesabu."

Nilimjibu kwamba sikupata simu yoyote. Hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mama aliingia kwenye duka lao la magodoro, lililo ng'ambo ya barabara kuu, saa 4:50 asubuhi ya Jumamosi, akavua viatu, akapanda kwenye godoro la maonyesho na kulala. Wateja walicheka. Yeye alipomfunika miguu aliona uzi mwekundu, na mumewe akaanza kupiga. Jioni walitaka kumleta polisi, lakini kila walipotaja polisi mama alishika mguu wa meza akasema hakuiba kitu. Wakaamua alale, waje naye asubuhi. Alimlaza kitandani kwake, yeye na mumewe wakalala chini.

Nikamwuliza, "Na nywele?"

Akasema, "Aliniomba mwenyewe. Alisema binti yake hana muda."

Saa 3:30 niliomba ruhusa nikaenda kwenye duka la kampuni ya simu. Mhudumu alikuwa yule yule wa miwani. Nilimwambia natafuta simu zilizopotea. Alibonyeza kompyuta yake akasema, "Hazijapotea, dada. Zimekataliwa." Alinichapia karatasi na kuigonga muhuri. Namba ni ile ya 19 kwenye daftari langu. Ilipiga Jumamosi saa 5:12, saa 5:14 na saa 5:40 asubuhi, saa 7:05 na saa 8:30 mchana, na saa 10:20 jioni. Hizo ni sita. Ya saba, ya saa 11:02, ilitoka kwenye laini yake ya pili, na hiyo mlinzi hakuizuia. Niliikata mimi kwa kidole changu. Karatasi hiyo naikabidhi. Naikabidhi na pini.

Kuna pia ujumbe mmoja wa maandishi uliozuiwa, wa saa 5:45 asubuhi. Mhudumu aliufungua nikausoma pale pale: "Dada naomba upokee siuzi kitu leo."

Niliyoyaeleza ni yale niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya, na hayo ya mwisho ndiyo yaliyonileta. Bwana Godoro hakumficha mama yangu. Alinitafuta kwa saa sita, na aliyejificha ni mimi, bila kujua. Nimesomewa maelezo haya na sijapunguza neno.

Afisa ameuliza, kama karatasi niliipata jana asubuhi, kwa nini nimekuja leo. Naomba jibu liandikwe pia.

Jana saa 11:30 jioni nilimwonyesha kaka karatasi. Aliisoma mara mbili. Akasema, "Mdogo wangu, ukiipeleka hii, yule anatoka na mimi naingia. Jino lile nimelivunja mimi." Nikasema najua. Akasema, "Basi ngoja kidogo. Jumatano wanampeleka mahakamani, huko atajieleza mwenyewe. Mwenye kweli haogopi." Nikamwambia, "Alijieleza barabarani, kaka, ukaniuliza mimi." Kisha akaniomba, kwa jina la utotoni ambalo hajaniita tangu baba afariki, nisiende. Akaondoka bila kunywa chai.

Ningeweza kuja saa hiyo hiyo. Kituo ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Nilikaa. Nilifua gauni la mama, nikashona upya upindo. Nilipiga mistari ya daftari kwa rula, ya leo na ya kesho. Nilijiambia kwamba usiku mmoja zaidi si kitu, kisha nikakumbuka kwamba wao walimlaza mama usiku mmoja tu, na huo ndio uliomtia yule mahabusu. Mama alilala saa 3:00, nywele zake bado zimesukwa. Mimi nililala saa 8:10 usiku.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)
Tarehe 20 Oktoba, saa 4:05 asubuhi

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika haya kama yalivyosemwa na shahidi, kuanzia saa 2:20 asubuhi. Simu ya mtuhumiwa, kielelezo namba 2, haikuwa imechajiwa tangu ilipopokelewa. Nimeichaji mbele ya shahidi. Orodha ya simu zilizopigwa inalingana na karatasi ya kampuni, saa kwa saa. Kwa kutumia kielelezo hicho nimepiga namba ya shahidi. Simu yake ilikuwa mezani na haikuita. Shahidi ameitoa namba hiyo kwenye orodha ya namba alizoziripoti. Nimepiga tena, ikaita. Nilimwambia jaribio limekwisha na anaweza kukata. Aliipokea.

Kupigwa kwa mtuhumiwa kumefunguliwa jalada tofauti, na kaka wa shahidi ameitwa. Mtuhumiwa ameachiwa saa 4:40 asubuhi mbele ya mkewe na kukabidhiwa simu yake, ikiwa na chaji ya asilimia 31.