Joho Limerudi Kwangu

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi kaka yako nina miaka themanini na miwili na bado napanda ngazi za jukwaa bila kushika ukuta. Nimezika wake wawili na mameneja wanne. Jumba letu la kwanza la maonyesho liliungua, la pili likageuzwa ghala la simenti, mimi nipo. Waimbaji walioapa kwamba watanibeba mabegani, wengine nimewabeba mimi. Meno yamebaki matatu, nayo yananitosha, kwa sababu mfalme hatafuni mbele za watu.

Baada ya hayo, salamu nyingi. U hali gani? Ule ukungu wa macho umezidi, au dawa za matone zimesaidia? Na goti lako la kushoto, bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima kama kengele. Kifua hakina neno, usingizi ninao, na juzi mwuza nyama alinikatia kipande cha mfupa bure kwa sababu eti sauti yangu ilimliza mkewe.

Mwandiko wa safari hii umekaa kama kuku kaparua. Barua zote ulizopata kwangu aliziandika mwanao. Mimi nilikuwa nasema, yeye akiandika, na pale nilipotukana yeye aliweka salamu. Hii nimeiandika kwa mkono wangu, na imenitoa jasho. Herufi nilijifunza kwenye mabango yenye picha yangu, kwa hiyo zile za jina langu nazijua vizuri, zilizobaki mzivumilie.

Najua pia kwamba wewe husomi tena, na yule jirani yako mwalimu amehama. Basi anayekusomea ni mwanao mwenyewe. Nilimpa bahasha nimeibana kwa gundi ya ndevu za bandia, nikamwambia asiifungue mpaka awe ameketi mbele yako, naye kwa nimjuavyo ametii. Mwambie asome kama nilivyoandika. Asirukeruke, wala asitie salamu pasipo na salamu.

Bila shaka amekuambia amekuja kupumzika. Hakuja kupumzika, mdogo wangu. Amekwisha.

Katika barua yako ya mwisho uliuliza ni lini mpwa wangu atavaa joho la mfalme, maana unataka kusikia habari hiyo kabla hujafa. Sasa nakujibu. Amelivaa. Nitakueleza alilivaa vipi na lilimvuka vipi, na wewe usilie mpaka nimalize, kwa sababu sipendi kukatizwa.

Hukuwahi kuniona kazini. Unanikumbuka nikiimbia kuku wa mama. Mimi nilianza kwa kubeba viti, nikapanda nikawa mwizi anayeimba, nikawa hakimu anayeimba, mpaka nikampokea joho mfalme aliyenitangulia. Mchezo wetu wa Mfalme una vita ndani yake, una harusi, una malkia watatu na mmoja ana sumu, lakini watu hawaji kwa hayo. Wanakuja kwa wimbo wa mwisho. Mfalme amempoteza mwanawe vitani. Anapanda juu ya kigoda chake, anamwita arudi, anamwambia mlango u wazi. Sauti inapanda, inapanda, mpaka pale ambapo sisi wenyewe tunapaita Kileleni, na hapo mfalme hushikilia mpaka watu wasahau kupumua. Nimeshikilia Kileleni mbele ya mawaziri. Nimeshikilia nikiwa na homa. Siku ya msiba wa mke wangu wa pili nilizika asubuhi na alasiri nikashikilia, na watu walisema sijawahi kuimba vizuri vile.

Kundi letu lina sheria ya joho, ambayo niliikuta na nitaiacha. Mfalme habadilishwi na meneja. Huvua joho yeye mwenyewe, mbele ya watazamaji, akamvika mwingine, na tangu hapo haligusi tena. Lakini yule mpya asipoufikisha wimbo mwisho siku hiyo hiyo, joho hurudi kwa mwenyewe, na aliyeshindwa halivai tena mpaka kufa. Aliyenitangulia alilia kama mtoto akinivika. Nilimtazama kamasi zikimtoka, nikasema moyoni kwamba mimi hamtaniona hivi.

Mwanao hapa tunamwita Kiraka. Nadhani hakukuambia. Askari akiugua, Kiraka. Kasisi akilewa, Kiraka. Ukikosekana mti wa msituni, Kiraka anasimama na matawi kichwani na hakohoi. Wewe ulitaka awe seremala, ukasema ubao haumzomei mtu, nami nikamchukua kwa nguvu kwa sababu nilimsikia akiimba akiteka maji, na sauti ile sikutaka imwangukie mtu mwingine. Miaka yote hiyo amenichemshia maji ya tangawizi, amenishonea pindo la joho, amenisomea maneno ya michezo mipya mpaka yakanikaa kichwani. Na kila onyesho, akishamaliza kuwa mti, alisimama nyuma ya pazia akiufuata wimbo wangu kwa midomo, bila sauti. Nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho. Mvi zimemwotea pale pale nyuma ya pazia. Hakuoa, alisema ataoa akiwa mfalme.

Mwaka huu meneja wa sasa, kijana mwenye viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo, aliniita ofisini akanikalisha kwenye kiti kifupi. Akaniambia kwa heshima nyingi kwamba nimesahau ubeti wa pili mara kadhaa, na kwamba nilimkalia malkia. Nikamwambia kweli nilimkalia, lakini naye malkia alikaa mahali pangu. Hakucheka. Akasema watu wameanza kuja ili waone nitaanguka lini, na kwamba ni vizuri joho nimpe Kiraka nikiwa ningali na jina.

Nilikubali papo hapo. Kijana wa watu alikuwa amejiandaa kwa vita. Nilipomwambia mwanao, alipiga magoti akanibusu mkono, akasema, Mjomba, nitalitunza kama macho yangu. Nikamwambia anyanyuke, sakafu ina vumbi.

Mazoezi yalikwenda vizuri, nisiseme uongo. Yalikwenda vizuri kuliko nilivyopenda. Wapishi wa mgahawa wa jirani waliacha vyungu wakaja kusimama mlangoni. Mfagiaji aliniambia kwamba, samahani mzee, lakini huyu akiimba nasahau ufagio uko wapi. Na malkia mwenye sumu, yule niliyemkalia, alisema kwa sauti ili nisikie kwamba kumbe wimbo huu ulikuwa mzuri hivi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Baada ya sehemu ya vita nilitoka, nikavua joho, nikamvika. Watu walisimama kwa ajili yangu. Sikulia. Nikashuka nikaketi kiti cha mbele kabisa, miguu nimeinyoosha, ili anione.

Kodiani ikaanza. Mwanao akageuka akamtazama mpiga kodiani, mzee anayenipigia tangu nivae joho, kisha akanitazama mimi, halafu akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza aliupita. Wa pili mishipa ilimsimama shingoni kama kamba za ndoo. Alipofika Kileleni alipanda juu ya kigoda, akafumba macho, akapiga sauti, na sauti ikatoka, kisha kitu kikakatika ndani yake kama kitambaa kikichanwa. Akafungua mdomo tena, kikatoka kikohozi. Akajifuta kwa pindo la joho, na damu ikabaki pale. Nimeifua mwenyewe.

Mtu mmoja huko nyuma akamwambia arudi, mlango u wazi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walipiga miluzi. Wale wapishi nao walicheka, nimewaona. Basi mimi nikanyanyuka kitini, nikapanda zile ngazi polepole ili wanione vizuri, nikamvua joho, nikalivaa likiwa bado na joto lake, nikamwashiria mpiga kodiani, nikaimba. Mdogo wangu, laiti ungeona. Wanawake walitupa leso. Meneja alipiga makofi huku amekunja uso kama aliyekunywa siki. Sasa mabango mapya yamebandikwa mji mzima, picha yangu ni kubwa kuliko mlango wa benki, na nafasi zimejaa mpaka baada ya mvua.

Mganga wa koo alimmulika mwanao akasema atazungumza, lakini kuimba asahau. Mkwaruzo unaousikia sasa hivi akikusomea ndio uliobaki. Alifungasha mzigo wake, akaja kuniaga. Unajua alisema nini? Aliomba radhi. Alisema nilimpa nafasi akaniaibisha mbele ya watu, na kwamba atafurahi nikimruhusu aje kwako ajifunze useremala. Alinibusu mkono tena. Nikamwambia asubiri kidogo, kuna barua ya mama yake naimalizia.

Kwa sababu nilishindwa kuvumilia, mdogo wangu. Si huruma, usije ukanisingizia. Nilifanya jambo la ufundi mkubwa kuliko yote ya maisha yangu, na anayefaa kulielewa anaondoka hajui.

Sikiliza sasa, na wewe msomaji soma polepole.

Wimbo wa Mfalme si ule ule. Kila nilipozidi umri, nilimwambia mpiga kodiani aushushe, uanzie kwenye sauti nene zaidi, mwaka huu kidato kimoja, mwaka mwingine kidato kingine, taratibu kama maji yanavyopungua mtungini, hata wachezaji wenyewe wasijue. Huo ulioshuka ndio mwanao alioufuata kwa midomo nyuma ya pazia, na ndio aliofanyia mazoezi. Siku ya joho nilimwambia mpiga kodiani aurudishe juu, pale ulipokuwa nilipoupokea, kisha aongeze kidogo. Mzee yule alikataa, akasema, Mfalme, utamchana. Nikamuuliza, nikiondoka mimi, anadhani mfalme kijana atataka kodiani yake yenye pumu? Akapiga nilivyosema. Na mimi nilipopanda, ile ishara niliyompa kwa vidole ilikuwa ya kuushusha tena.

Mwanao alijua tangu kodiani ilipoanza. Ndiyo maana aligeuka. Angeweza kuinua mkono tu, kodiani ikaanza upya, wala hakuna mtazamaji ambaye angejali. Lakini alidhani mzee wa watu amekosea, na hakutaka kumwaibisha mbele ya ukumbi. Nilijua hatainua. Nilikuwa na hakika kabisa. Adabu hiyo ni malezi yako, umemlea vizuri, hakuna aliyewahi kunirahisishia kazi kama wewe.

Limebaki moja, na hili limeninyima usingizi, ingawa hapo juu nilisema usingizi ninao. Alifika. Kabla ya kuchanika, pale juu kabisa, alifika akakaa, muda wa mtu kumeza mate. Ukumbi ule wa wapumbavu haukusikia, walisikia kikohozi tu. Mimi nilisikia. Nimewaambia watu miaka yote kwamba katika ujana wangu nilifika pale. Mpiga kodiani anasema sikuwahi, hata siku ya kwanza aliushusha kidogo kwa kunionea huruma, lakini yeye ni mzee na wazee husahau. Ninachosema ni kwamba sauti ile ilikuwepo, nimeisikia mimi, na haitasikika tena. Asijidanganye kwamba alishindwa. Hakushindwa. Nilimshinda mimi, na kushindwa na mimi si aibu.

Asijaribu kurudi. Sheria ni sheria, na joho nimelibana kiunoni kwa uzi mpya, kwa kuwa nimekonda kidogo. Mtafutie fundi mwema, ana mikono mizuri, aliwahi kunitengenezea kigoda kile cha Kileleni na hakijawahi kulegea mguu. Mwambie akitaka kunijibu aniandikie herufi kubwa, sina tena mtu wa kunisomea. Na maji ya tangawizi najichemshia mwenyewe, hayana ladha, lakini yanashuka.

Nisalimie wote nyumbani, na shemeji zako waliobaki, na kuku ukiwa bado unafuga. Tunza macho. Usinitumie laana, zimenifika nyingi na sijaona hata moja iliyopanda jukwaani.

Ni mimi kaka yako wa pekee,
Mfalme.

Mashahidi wa haya yote ni wawili. Wa kwanza ni mpiga kodiani, yuko hai, anakaa nyuma ya jumba la maonyesho, na tangu siku ile haniamkii. Wa pili ameketi hapo mbele yako na karatasi mkononi. Muulize yeye. Kama amekusomea mpaka hapa bila kuruka neno, basi ile adabu bado haijamtoka.