Sehemu Nyeupe ya Ramani

Jumatatu, 5 Februari 1996
Niko mjini tena, mtaa wa Mchesi, kwa dada wa kanisani kwetu anayenipa malazi siku za kazi. Viatu vyote matope. Ofisini, kama kawaida: nabandika picha ya setilaiti ya kiangazi kwenye kioo cha dirisha, juu yake ya leo. Maji huonekana meusi; weusi uliozidi ndio mafuriko. Nachora. Huko kusini mto Shire umemeza vijiji, na boti za uokoaji zinangoja ramani yangu. Yangu mimi, mkimbizi wa kambi ya Dzaleka. Bukavu nilichora ramani miaka mingi, hakuna aliyewahi kuzingoja mlangoni.

Jumanne, 6 Februari
Wingu. Limefunika ukingo wa mashariki. Chini yake kuna vijiji, nami sioni kitu. Bwana Phiri, mkuu wangu, ameniamuru nipake rangi ya nchi kavu. Boti ni chache, anasema, na ramani yenye tundu itawachanganya watu. Nimekataa. Nimeacha peupe, nikaandika hapo kwamba hatujui. Akanikumbusha nani anayeniombea ruhusa ya kutoka kambini. Dereva wa kuipeleka ramani alikuwa mlangoni, muda wa kuchora nyingine haukuwepo. Imeondoka hivyo hivyo. Nina hasira. Na woga.

Jumatano, 7 Februari
Nilinunua usipa, dagaa wa ziwani, sokoni Tsoka, nikampa dada wa kanisa wote. Kama pale peupe ni pakavu, nimepoteza safari ya boti, na kazi pia. Lakini kudanganya kwa rangi, hapana.

Ijumaa, 9 Februari
Habari kwa redio ya ofisi. Boti moja ilipelekwa kwenye sehemu nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyejua pana nini. Wamekuta watu juu ya paa la shule, na watoto wao. Wote wametolewa.
Phiri akaja mezani kwangu. “Zikomo, mama,” akanishukuru. Kisha akawaambia wenzangu: penye wingu pasipakwe rangi.
Nimelia chooni. Najivunia. Leo unyenyekevu ukae pembeni.

Jumapili, 11 Februari
Dzaleka. Jirani yangu Mama Asha, wa Kindu, anapika futari. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha kwetu, kazi yangu ya mjini njo gani, ndiyo ipi. Nikamwambia naangalia maji toka juu, naonyesha fasi bantu iko, mahali watu walipo.
“Na fasi haionekane?”
“Mi naiacha nyeupe.”
“Na bantu ba pale?”
“Bale njo banatafutwa.”
Akaitikia kwa kichwa, akaniwekea bakuli la uji.